Ukuta Ukiondoka, Uzito Unabaki

Matini ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wenye nyumba, mafundi na wasimamizi wa nyumba za kukodisha katika Kaunti ya Kilifi



Kuanzia Mtwapa hadi Mambrui, nyumba zinabadilishwa kila siku. Mwenye nyumba kando ya barabara anataka vyumba viwili vya mbele viwe duka moja. Familia iliyoongezeka inataka sebule ipanuliwe hadi jikoni. Mwenye jumba la wageni kule Watamu anataka mlango mpana wa kioo uelekee baharini. Si vibaya. Nyumba hujengwa kwa ajili ya watu, na maisha ya watu yakibadilika, nyumba nayo hubadilika.

Lakini kazi hizi zote huanza na swali moja: ukuta huu unaweza kutolewa? Mara nyingi jibu hutolewa papo hapo. Fundi hugonga ukuta kwa kiganja, husikiliza, kisha husema, "Huu ni wa kugawanya tu, mama. Siku mbili umekwisha." Mama naye, kwa kuwa fundi huyo ndiye aliyempigia plasta na kumwekea vigae bila tatizo, hukubali. Jioni hiyo nyundo huletwa.

Mazungumzo haya yanahusu jibu hilo: nani anayepaswa kulitoa, analipataje, na kwa nini linapaswa kuwa kwenye karatasi yenye jina na sahihi.

UKUTA UNAFANYA KAZI GANI

Ndani ya nyumba kuna kuta za aina mbili. Kuna ukuta uliowekwa ili kutenganisha chumba na chumba, ambao haubebi chochote ila uzito wake wenyewe. Na kuna ukuta ambao juu yake kumekaa slabu, paa, au ukuta mwingine wa orofa ya juu. Zikishapigwa plasta na rangi, kuta hizi mbili zinafanana. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, na ukuta nao haujulikani kwa sura yake.

Ili kuona ukubwa wa jambo hili, hesabu ndogo inatosha. Zege lenye nondo lina uzito wa takriban kilo 2,400 kwa kila mita ya ujazo. Slabu ya zege tupu yenye unene wa sentimita 15 basi ina uzito wa kilo 360 kwa kila mita moja ya mraba. Chukua ukuta ulio katikati ya vyumba viwili, kila chumba kikiwa na upana wa mita 4. Ukuta huo unapokea nusu ya slabu ya upande huu na nusu ya slabu ya upande ule, yaani ukanda wa upana wa mita 4. Mwenye nyumba akitaka nafasi wazi ya mita 3 kwenye ukuta huo, sehemu anayotaka kuitoa inabeba mita 12 za mraba za slabu. Hizo ni kilo 4,320, zaidi ya tani 4.

Hapo hakuna mtu aliyesimama juu, wala kitanda, wala kabati, wala vigae. Hakuna ukuta wa orofa ya pili, ambao kwa urefu huohuo wa mita 3 unaweza kuongeza takriban tani 3 nyingine. Na hakuna tangi la maji. Pwani hii, ambako maji ya mfereji hayaji kila siku, nyumba nyingi zimeweka tangi juu ya slabu. Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani 5 za maji.

Ukuta ukibomolewa, uzito huo hauondoki na vifusi kwenye mkokoteni. Unabaki palepale juu na unatafuta njia nyingine ya kufika ardhini. Iwapo njia hiyo imetayarishwa, kwa bimu yenye nguvu ya kutosha na nguzo zilizo na msingi wa kutosha, nyumba itakaa. Iwapo haikutayarishwa, slabu italazimika kujibeba kwa upana ambao nondo zake hazikupangiwa. Huenda ikapinda kidogo kidogo kwa miezi. Huenda ikakatika siku hiyohiyo.

Kuna jambo la pili ambalo husahaulika hata na wanaokumbuka kuweka bimu. Ukuta huteremsha uzito wake kwa kuutandaza kwenye urefu wote wa msingi. Bimu huukusanya na kuushusha katika ncha mbili tu. Tani zilizokuwa zimegawanywa kwenye mita 3 sasa zinakaa juu ya sehemu mbili ndogo. Mawe yaliyo chini ya ncha hizo yanaweza kupondeka, na msingi wenyewe unaweza kuzama, hasa mahali penye mchanga. Kwa hiyo bimu nene pekee haitoshi. Lazima mtu afuate uzito kutoka juu hadi chini, hatua kwa hatua.

NYUMBA ZA PWANI HII

Nyumba za hapa hazifanani na zile za bara, na wala hazifanani zenyewe kwa zenyewe.

Kwanza kuna nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa, kama zile zilizobaki katika mji wa kale wa Malindi. Kuta zake ni nene, mara nyingi karibu nusu mita, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, kwa kawaida kati ya mita 2.5 na 3. Yeyote aliyetembelea magofu ya Gede ameona vyumba hivyo virefu na vyembamba. Katika nyumba ya namna hii, karibu kila ukuta mrefu una boriti juu yake. Tena ukuta wenyewe si tofali moja zima: ni mawe madogo yaliyoshikwa na chokaa, na ukikatwa pasipo kuegemezwa, mawe ya juu huanza kumwagika. Isitoshe, jengo lililotangazwa kuwa turathi haliguswi bila idhini ya Makavazi ya Kitaifa.

Pili kuna nyumba za mawe ya kuchongwa kutoka kwenye matimbo, zenye paa la mabati, makuti au slabu. Nyingi hazina nguzo za zege hata moja, kwa hiyo kuta zenyewe ndizo zinazobeba. Paa kubwa la makuti, kama yale ya majumba ya wageni, huzisukuma kuta kuelekea nje na pia hupokea upepo mkali wakati wa kusi. Ukuta wa ndani unaoshikana na ukuta wa nje huuzuia ule wa nje usiyumbe. Kwa hiyo hata ukuta ambao hauna kitu juu yake unaweza kuwa na kazi: kuwashikilia wenzake.

Tatu kuna nyumba za orofa zenye nguzo na bimu za zege, ambamo mawe yamejazwa katikati. Hapa kweli kuta nyingi zinaweza kutolewa, na ndiyo sababu watu huzoea kusema kila ukuta ni wa kugawanya. Lakini zipo nyumba ambazo nguzo ziliachwa katikati ya ujenzi ili kupunguza gharama, na zipo ambazo orofa iliongezwa baadaye bila mchoro. Plasta imefunika yote hayo.

Juu ya hayo kuna chumvi. Upepo wa bahari, na mchanga au maji yenye chumvi yaliyotumika kuchanganya zege, hula nondo polepole. Nondo ikipata kutu hufura, na zege la chini ya slabu humeguka vipande. Slabu iliyo katika hali hiyo haina nguvu iliyokuwa nayo siku ilipomwagwa. Na bimu ya chuma itakayowekwa mahali pa ukuta italiwa na chumvi hiyohiyo isipokingwa ipasavyo.

MAMBO YALIYOTOKEA KWINGINE

Haya si maneno ya kutishana. Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la orofa nne liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, asubuhi ya siku ya biashara, likiwa na wafanyabiashara na wateja ndani. Zaidi ya watu 25 walipoteza maisha. Taarifa za wakati huo zilisema kazi ya kupanua nafasi ya biashara katika sehemu ya chini ya jengo ilikuwa ikiendelea huku maduka ya juu yakiwa wazi.

Mwaka 1995, tarehe 29 Juni, duka kubwa la Sampoong mjini Seoul, Korea Kusini, liliporomoka na kuua watu 502. Jengo hilo lilikuwa limebadilishwa mpango mara kadhaa. Orofa ya tano iliongezwa, na baadhi ya nguzo zilipunguzwa ili kupisha ngazi za umeme. Asubuhi ya siku hiyo nyufa zilionekana kwenye orofa ya juu. Wateja hawakuambiwa watoke.

Na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba maarufu la Zanzibar lililojengwa mwaka 1883, ilianguka wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa. Jengo la kale linapoguswa linahitaji uangalifu kuliko jipya, kwa sababu miaka imebadilisha mawe, chokaa na mbao zake kwa namna isiyoonekana kwa macho.

Nyumba ya familia ni ndogo kuliko majengo hayo. Lakini aliye chini ya slabu ya sebule yake hahitaji orofa nne ili afe. Na mara nyingi aliye chini si mwenye nyumba. Wakati wa kubomoa, aliye chini ni fundi na kibarua wake. Baadaye ni mpangaji, mgeni aliyelipia wiki moja, au mlinzi wa jumba anayelala humo mwaka mzima huku mwenyewe akiwa Nairobi au Ulaya.

FUNDI NA MHANDISI

Hakuna anayedharau ufundi. Pwani hii ilijengwa na waashi, na fundi mzuri anajua kuchonga jiwe, kusimamisha ukuta wima na kuchanganya zege kuliko mhandisi yeyote. Lakini kujua kujenga ukuta ni elimu moja, na kupima kilicho juu ya ukuta ni elimu nyingine. Fundi akigonga na kusikia sauti ya uwazi, amejua jinsi ukuta ulivyo ndani. Hajajua ni tani ngapi zimekaa juu yake.

Kuna tofauti nyingine kubwa zaidi. Mhandisi wa miundo akisema ukuta utolewe, huandika hivyo, huonyesha hesabu, hutia sahihi na muhuri, na jina lake hubaki. Nyumba ikipata ufa mwaka ujao, kuna mtu wa kuulizwa. Neno la mdomo halina mwenyewe baada ya fundi kuhamia kazi nyingine.

Kwa hiyo fundi anayesema, "Mama, kwanza tumwite mhandisi," asionekane hajui kazi. Huyo analinda maisha yake na ya vijana anaofanya nao kazi, na anastahili kupewa kazi hiyo mhandisi akishamaliza yake.

HATUA ZA KUFUATA

Hatua ya kwanza ni kumpata mhandisi aliyesajiliwa. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 iliunda Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, ambayo huweka orodha ya wahandisi. Mwenye nyumba ana haki ya kuomba jina kamili na nambari ya usajili, na kuhakikisha kwenye orodha ya Bodi kwamba mtu huyo yumo na leseni yake ni ya mwaka huu. Aulize pia kama ni mhandisi wa majengo. Mhandisi wa umeme ni mhandisi, lakini si wa kazi hii. Vilevile, aliyehitimu chuo na bado yuko chini ya uangalizi anaweza kusaidia, ila atakayetia sahihi awe mhandisi kamili.

Hatua ya pili ni ukaguzi nyumbani. Mhandisi akitoa jibu kwa kuangalia picha ya simu, huyo hajakagua. Atataka kuona michoro ya awali ikiwa ipo. Atapanda juu kuona kilichokaa juu ya ukuta. Atatazama slabu imelala kuelekea wapi, maana slabu ya maksipani hubebwa na bimu ndogondogo zinazoelekea upande mmoja, na ukuta unaopokea ncha za bimu hizo ndio unaobeba. Huenda akabandua plasta mahali pachache na kuchimba kidogo kando ya ukuta ili auone msingi. Usumbufu huo mdogo ndio unaolipiwa.

Hatua ya tatu ni karatasi. Mwenye nyumba apokee ripoti, hesabu, na mchoro unaoonyesha bimu ni ya aina na kipimo gani, itakaa juu ya nini, chuma kitakingwa vipi dhidi ya chumvi, na nyumba itaegemezwa vipi wakati wa kazi.

Hatua ya nne ni kibali. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inataka kibali cha kaunti kabla ya kuanza uendelezaji. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Mwenye nyumba asijiamulie mwenyewe kwamba kazi yake ni ndogo mno. Aulize kwanza katika ofisi ya mipango ya kaunti iliyo karibu naye. Mhandisi naye atamweleza kama kazi inapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, ambayo pia huidhinisha wakandarasi na mafundi.

Hatua ya tano ni kuegemeza. Kabla jiwe la kwanza halijatolewa, slabu au paa liwe limeshikwa na propu pande zote mbili za ukuta, zikiwa zimesimama juu ya mbao pana kwenye sakafu imara. Ikiwa nyumba ina orofa, huenda propu zikahitajika hata orofa nyingine. Tangi la juu lipunguzwe maji. Wasio na kazi pale, hasa watoto, watoke nje ya nyumba.

Hatua ya sita ni kungoja. Bimu ya zege ikimwagwa, haina nguvu yake siku hiyo. Zege hupimwa nguvu yake ya kawaida baada ya siku 28. Propu zisitolewe kwa sababu mgeni anakuja Ijumaa. Mhandisi aje aone nondo kabla ya zege kumwagwa, na aje tena aseme propu zitolewe lini.

Hatua ya mwisho ni kuhifadhi karatasi pamoja na hati ya nyumba. Siku nyumba itakapouzwa au kurithiwa, watoto watajua ukuta ulikuwa wapi na nini kimechukua nafasi yake.

GHARAMA

Wengi humwepuka mhandisi kwa kuogopa bei. Ni kweli atalipwa, na bei hutofautiana kulingana na ukubwa wa kazi, kwa hiyo inafaa kuuliza wahandisi wawili au watatu na kupatana kwa maandishi. Lakini malipo hayo mara nyingi huokoa mengine. Mhandisi anaweza kusema nafasi ya mita 2 inatosha badala ya mita 3, na bimu ikawa nyepesi zaidi. Anaweza kupendekeza kubakiza vipande vya ukuta pembeni viwe kama nguzo. Anaweza pia kusema ukuta haubebi chochote, toa. Jibu hilo nalo lina thamani, maana sasa mwenye nyumba analala akijua, badala ya kulala akitumaini.

KWA ALIYEKWISHA KUBOMOA

Wapo ambao ukuta walishautoa zamani, bila mhandisi. Wasiogope kuomba ukaguzi sasa. Kazi nyingi zinaweza kurekebishwa: bimu kuongezwa, nguzo kuwekewa msingi, propu kusimamishwa wakati mpango unatayarishwa.

Dalili za kutazama ni hizi: ufa mpya unaopanuka kwenye dari au juu ya mlango, mlango uliokuwa ukifunga vizuri na sasa unakwama, slabu inayoonekana kushuka katikati, vumbi au vipande vya zege vinavyoanguka, sauti ya kupasuka usiku. Ufa unaweza kuwekewa alama ya penseli kwenye ncha zake na kuandikwa tarehe, ili ijulikane kama unaendelea. Lakini slabu ikishuka ghafla au ufa ukipanuka mbele ya macho, watu watoke kwanza, waite msaada kwa nambari 999 au 112, na mtu yeyote asirudi kuchukua vitu.

MASWALI MATATU

Basi kabla nyundo haijainuliwa, mwenye nyumba amwulize yule aliye mbele yake maswali matatu. Juu ya ukuta huu kumekaa nini? Ukuta ukitoka, uzito huo utashukia wapi? Na nani atatia sahihi chini ya jibu hilo?

Fundi akikosa jibu la swali la tatu, si kosa lake, kwa sababu hiyo si kazi yake. Kosa ni kuendelea. Kuuliza katika ofisi ya mipango ya kaunti kabla ya kuanza hakuna faini. Mwenye swali aende na mchoro wa nyumba ikiwa anao, au hata picha chache na vipimo vya vyumba, aelezwe pa kuanzia.